Bwana Mbu na Damu ya Nyumba Yetu

Anaweza kuwa katikati ya hadithi, tena hadithi ya kujisifu maana nyingine hakuwa nazo, mara ananyamaza na kuinua kidole juu. Basi uani kote kimya. Mchi unasimama kinuni, anayefua anaacha kufua, na mimi sindano inabaki imechomekwa kwenye kofia. Yeye anainamisha kichwa, sikio la kushoto linatazama mbinguni, macho kayafumba. Halafu anasema, "Aa, huyu analia. Anayelia hana neno. Endeleeni." Tunaendelea. Lakini zilikuwapo jioni alizosikiliza, akafumbua macho, na asituambie tuendelee. Jioni hizo nilimbeba mwanangu Zuhura nikamwingiza chumbani na kufunga dirisha, joto lilivyo lote.

Mtaa ulimwita Bwana Mbu, nami nitamwita hivyo hivyo. Kwao na ukoo wake sikuvijua, na kwa alivyokuwa mwongo, hata angenieleza nisingeamini. Alipanga chumba kinachotazamana na changu, katika nyumba ya vyumba sita hapo Kariakoo, kuta za udongo, madebe juu, ukumbi katikati na ua nyuma. Zilikuwa zama za Mwingereza, kabla ya ile vita ya pili. Mume wangu alikuwa hamali bandarini, anatoka mapema na kurudi hoi. Mimi nilishona kofia. Nilikuwa nimezaa mara tatu. Wawili wa mwanzo niliwazika, wote kwa homa, wote wakati wa masika. Alibaki Zuhura. Sasa mtu akiniuliza kwa nini nilimsikiliza bwana aliyekuwa akisikiliza mbu, jibu langu ndilo hilo. Mawingu yakianza kukusanyika upande wa Msimbazi, nilikuwa naanza kuziba nyufa za dirisha.

Serikali ilikuwa na ofisi ya mbu. Msicheke, ilikuwapo. Kulikuwa na watu wa mafuta, waliopita na madebe yao wakimwaga mafuta kwenye madimbwi na visima ili viluwiluwi vife. Lakini mji ni mkubwa na mafuta ni haba, kwa hiyo ilibidi wajue wamwage wapi. Hapo ndipo Bwana Mbu alipopata ulaji. Yeye hakuua mbu, yeye aliwakamata. Aliwapeleka ofisini kwa daktari wa kizungu, huko wakatazamwa kwa kioo cha kukuzia, ikajulikana mbu gani yuko mtaa gani, na watu wa mafuta wakatumwa.

Na mbu si mbu tu, alitufundisha hivyo. Yupo anayelia sikioni, mwili ameulaza sawasawa na ukuta. Huyo anakera, hana lingine. Na yupo asiyelia, au analia kidogo mno. Huyo akitua anainua mkia juu, kichwa chini, kama anayesujudu vibaya. Huyo ndiye mwenye homa. "Ogopa anayenyamaza," alikuwa akisema, na akilisema hilo hakuwa na maringo yake ya siku zote. Mimi nilimjibu siku moja, "Shemeji, kimya kina mshindo mkuu, hayo tunayajua tangu kwa bibi zetu." Akasema, "Mnayajua, lakini mnalala dirisha wazi."

Kwa tabia alikuwa mtu wa kuchosha. Nywele alizipaka mafuta ya waridi mpaka nzi wanamfuata. Kila mkubwa aliyetajwa mbele yake, ama aliwahi kumfanyia kazi, ama aliwahi kumkatalia kazi. Kwenye bao alikuwa mwizi wa wazi. Kete moja ilikaa kwenye mkono wa kanzu, na akikamatwa anasema imeingia yenyewe. Alikopa sukari kwangu akarudisha chumvi, akaapa kwamba ndiyo aliyopewa. Na juu ya hayo yote, mtu wa mbu huyo huyo hakulala ndani ya chandarua. Nilipomuuliza, akasema, "Daktari wa meno analala na meno ya watu?" Sijaelewa mpaka leo. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kusema tu.

Kitu kimoja hakuweza kukidanganya. Damu. Aliogopa damu, jamani, mwanamume mzima. Idi moja mwenye nyumba wetu, Bi Mkubwa, alichinjisha mbuzi uani. Kisu hakijafika hata nusu ya shingo, Bwana Mbu kaanguka chali pembeni ya mtungi. Ikabidi tuache mbuzi tumpepee yeye. Kuku akichinjwa alitoka kwenda barabarani. Mimi nikijichoma sindano anageuza uso. Kumbukeni hilo, maana mtaa ulikuja kumwita mnyonya damu.

Chanzo kilikuwa mrija wake. Alikuwa na mrija wa mpira wenye kioo mbeleni na kitambaa ndani cha kuzuia. Mbu akitua ukutani, anamsogezea kioo, anavuta kwa mdomo, fyup, mbu yumo. Sasa mweleze mtu anayepita njiani kwamba huyu bwana wa serikali anayeingia vyumba vya watu na kufyonza kuta kwa mdomo hana ubaya! Siku zile Dar es Salaam nzima ilikuwa inaogopa mumiani, wale wanaosemekana kukamata watu na kuwatoa damu ikafanyiwe dawa. Wenye akili zao waliamini. Mume wangu aliamini. Kule Mchafukoge mchuuzi mmoja alipigwa akabakiza roho tu, kwa sababu alikutwa na chupa ya rangi nyekundu ya kutilia vikapu. Watoto wakaanza kumwimbia Bwana Mbu akipita, "Mnyonya ukuta, mnyonya ukuta!" Yeye aliwacheka. Alipoingia chumbani kwake nilimsikia akitia komeo, na zamani hakuwa na desturi ya kutia komeo.

Kisha ikaja taa.

Ililetwa kwa mkokoteni kabla ya masika, imefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Daktari wa ile ofisi alitaka ijaribiwe Kariakoo, ndani ya nyumba wanamolala watu, na Bwana Mbu kwa kujipendekeza akaitoa nyumba yetu. Waya ukavutwa kutoka nguzo ya barabarani. Mtaa wote tunatumia vibatari, umeme tunauona kwa mbali madukani kwa Wahindi, leo unaingia kwetu, na unaingia kwa ajili ya mbu. Bi Mkubwa alisema, "Mbu wamepewa umeme, na mimi mlipa kodi nashika koroboi." Tulicheka mpaka machozi. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile kwa muda mrefu.

Taa yenyewe ilikuwa ya kioo cheusi. Chini yake pangaboi dogo, na chini ya pangaboi mfuko wa chachi ambao nilishona mimi, maana ule wa ofisini ulichanika njiani. Kipande kilichobaki nilikiweka cha kuchujia tui. Ikawashwa ukumbini baada ya magharibi, na tukadhani imekataa kuwaka, kwa sababu haikutoa mwanga bali rangi ya zambarau iliyofifia tu, kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Bwana Mbu akageuka atueleze. Alipofungua mdomo, meno yake yakang'aa. Yanang'aa peke yake, uso hauonekani. Tukatazamana. Kucha zetu zote zinang'aa. Bi Mkubwa akaanza kusoma Ayatul Kursi. Na mjukuu wake Sudi, mtoto aliyekuwa anaanza kutembea, akaelekeza kidole kwenye ufa wa ukuta karibu na mlango wangu. Mle ndani ya ufa alikuwamo nge, anawaka kijani mwili mzima, mpaka mwiba wa mkiani.

Tulikuwa tumeishi na nge yule siku zote, ukutani, hatua chache kutoka kwenye mkeka wa Zuhura. "Taa hii inaonyesha tusivyoviona," Bwana Mbu akasema huku akirudi nyuma hatua mbili. Nadhani naye hakuwa ameambiwa kwamba nge angewaka. Nilimuua kwa kiatu, lakini nilikesha.

Kulipokucha aliufungua mfuko juu ya sinia jeupe. Mbu walikuwa wamejaa, wengine wakavu, wengine wanatapatapa. Na kati yao walikuwamo wenye matumbo mekundu, yamevimba. Bi Mkubwa akainama.

"Damu hii ya nani?"

"Ya humu ndani, Bi Mkubwa. Wametuuma sisi."

"Na inakwenda wapi?"

"Ofisini. Ikatazamwe."

"Damu ya mjukuu wangu ikatazamwe na nani?"

Hakujibu upesi, na hilo ndilo lililomponza. Nyinyi mnajua kwetu. Nywele ukinyoa unazika, kucha ukikata hutupi ovyo, kondo la nyuma la mtoto lina mahali pake. Mwili wako hauendi kwa mtu usiyemjua, maana hujui atakufanyia nini. Kama kucha ni hivyo, sembuse damu? Bi Mkubwa hakuwa mjinga, na mimi sitamcheka. Aliwaita wazee wa mtaa, wakakaa barazani, na nje wakasimama vijana ambao hawakuitwa, wengine na mawe mikononi. Wakataka taa ivunjwe. Bwana Mbu, aliyezoea kusema mpaka mate yanakauka, alikaa kwenye mkeka ameshika magoti. Akasema, "Semeni mnavyotaka, nitafanya."

Ikafanywa sulhu. Taa ibaki. Lakini kila asubuhi mfuko ufunguliwe mbele ya wenye nyumba, na kila mbu mwenye damu aondolewe, damu ibaki nyumbani. Serikali ichukue wenye njaa.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kumekucha, sinia linatandazwa, Bi Mkubwa anachambua wekundu mmoja mmoja kama anayechambua mchele, anawatia kwenye kifuu, anawazika kwenye jivu la jikoni na kuwasomea. Bwana Mbu anasimama nyuma, uso kaugeuza. Kinachobaki anakitia kwenye kichupa anapeleka ofisini. Watu wakatulia. Wengine wakaanza hata kumsalimu.

Mimi ndiye niliyeona kwamba Bwana Mbu hali chakula. Nikamuuliza, "Shemeji, una nini?" Tulikuwa wawili ukumbini, mvua za kwanza zinapiga madebe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mbu mwenye njaa ni mpita njia. Mbu aliyeshiba ni mwenyeji. Ofisini wanajua hivyo, na wanamwaga mafuta kwa wenyeji tu. Wanaoinua mkia hapa kwenu hawaji kwenye taa mpaka washibe. Wote wanaishia kwenye jivu la Bi Mkubwa. Daktari ameona vichupa vyangu, amesema Kariakoo upande huu ni salama. Mafuta yamepelekwa kwingine."

Nikauliza, "Na wanaongezeka?"

"Kila kukicha."

"Basi ficha wawili watatu! Watie mfukoni, nani atakupekua?"

"Umeona yule mchuuzi wa Mchafukoge?" akasema. "Yeye alikutwa na rangi tu. Mimi nitakutwa na damu yenu kweli."

Nilikasirika, nikamwita mwoga. Alikuwa mwoga, hilo halina ubishi. Lakini hata mimi sikuthubutu kumwendea Bi Mkubwa. Ningeambiwa nimelishwa kitu. Nilichofanya ni kumfunika Zuhura gubigubi kwa kanga mpaka mtoto akatoka vipele vya joto, na kila asubuhi kumpapasa shingo kabla hajaamka.

Homa ikaanza nyumba ya pili, ikaruka njia, ikaingia kwetu. Haikwenda kwa Zuhura. Ilimchukua Sudi. Alishikwa Alhamisi akiwa anacheza na kifuniko cha sufuria, na hakuiona Ijumaa nyingine. Bi Mkubwa hakulia kwa sauti. Alikaa mlangoni, kanga mdomoni, anatazama taa. Wanaume waliporudi makaburini nikasikia mtu nje anasema, "Taa ndiyo iliyomwita." Na mwingine, "Ilimwonyesha, si mliona alivyokuwa akielekeza kidole?" Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufika magharibi barabara mbele ya nyumba ilikuwa imejaa watu, na safari hii wazee hawakuitwa.

Mume wangu akasema tutoke kwa mlango wa uani, tumwache Bwana Mbu na serikali yake. Nikamwambia atoke yeye.

Bwana Mbu alitoka chumbani amevaa shuka tu, kifua wazi, na mafuta yake ya waridi, hata siku ile. Akaibeba taa mwenyewe, akaitundika barazani mbele ya macho ya watu, akaiwasha. Akakaa kwenye kigoda chini yake. Meno yakang'aa alipoanza kusema.

"Damu ya mtu ni ya nani?"

Akarudia, sauti inakatika. Mzee mmoja mbele akajibu, "Ya mwenyewe."

"Hii ni yangu basi. Naipeleka ninapotaka. Nani ana neno?"

Wengine walianza kucheka, mwanamume kifua wazi anangoja kuumwa. Wakaja kwanza wanaolia, wakamjaa mabegani, hakuwagusa. Watu wakachoka kusimama, wakachuchumaa, mawe yakawekwa chini. Baada ya isha wakaja wale wengine. Hatukuwasikia. Aliwasikia yeye, aliinua kidole kama uani, na umati mzima, na hasira zake, ukanyamaza.

Mmoja akatua mkononi kwake, karibu na kiwiko. Akainua mkia. Bwana Mbu akaugeuza uso ukutani, jasho linamtoka, akasema, "Shemeji, mimi siwezi kutazama. Niambie akishashiba."

Nikatoka nikachutama karibu naye na vichupa mapajani. Nililiona lile tumbo likijaa, jekundu, polepole, mpaka mbu mwenyewe akawa mzito. Nikasema, "Ameshiba." Akafunika kichupa, uso bado ukutani, nami nikaziba kwa pamba. Akaja mwingine. "Ameshiba." Na mwingine. Nyuma yangu nikasikia wanawake wameanza kusema nami, kwa minong'ono, kila mara, ameshiba, ameshiba. Bi Mkubwa peke yake hakusema. Alisimama kizingitini mpaka mwisho, akaingia ndani bila kuaga.

Mwizi wa bao alikuwa ameiba tena, maana alipowapeleka mbu wale ofisini hakueleza damu ile ilikuwa ya nani. Nilipomwuliza akasema, "Kwani mimi si mtu wa nyumba hii?" Watu wa mafuta walikuja juma lile lile. Wakapekua mtaa, mifereji, makopo, wakaja kwetu, na uani nyuma ya banda la kuni wakafunua mbao. Kulikuwa na kisima alichochimba marehemu mumewe Bi Mkubwa. Hakikuwa kikitumika, lakini mkewe hakutaka kifukiwe, na sote tulikuwa tumekisahau. Walipomulika taa ndani, maji yalikuwa yanacheza kwa viluwiluwi. Bi Mkubwa akatazama. Akauliza kitu kimoja tu: "Ni hapa?" Msimamizi wao akasema ni hapa. Wakamwaga mafuta, wakarudisha mbao. Masika ile Zuhura hakushikwa.

Aliyeshikwa ni Bwana Mbu. Mlitegemea nini? Alichomwa na kila mbu mwenye homa wa mtaa, ofisi ya kizungu ikampeleka hospitali, wakamjaza kwinini, dawa ya homa inayovuma masikioni ikizidi. Alirudi amekonda, njano, anapiga kichwa kwa kiganja. "Shemeji, kuna nini uani, mbona kengele?" Hakukuwa na kengele. Wakamwongezea kwinini homa iliporudi, na iliporudi tena. Mpaka siku moja nilimwona amesimama ukumbini kwa jioni nzima, kichwa kakiinamisha, sikio la kushoto juu, kidole juu, na mbu wanalia masikioni mwetu wote. Alikuwa anangoja. Nililia, nikaingia ndani ili asinione, kisha nikakumbuka kwamba hata ningelia kwa sauti, asingenisikia. Ofisi haikuwa na haja ya msikilizaji kiziwi. Taa ilirudi kwenye majani ya mgomba, na yeye akahamia mtaa mwingine.

Alikuja kutuaga wakati Zuhura alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani. Alikuwa anavuka Magogoni kwenda kukaa Kigamboni kwa mtu wake, akapita kwetu na kanzu iliyopigwa pasi. Hakupiga hodi, aliingia tu, na Zuhura akamwamkia shikamoo mara mbili bila kujibiwa, mpaka nikamvuta mkono wa kanzu. "Marahaba, marahaba!" akapiga kelele, wanavyopiga kelele viziwi. Nikampa kigoda chake cha zamani uani. Bi Mkubwa, aliyekuwa amezeeka ghafla, alikuwa kwenye mkeka wake karibu na jiko. Alimtikisia kichwa tu. Nikamletea kahawa. Akaanza hadithi ya kujisifu, jinsi daktari alivyompigia magoti asiache kazi. Uongo mtupu, na nilifurahi kuusikia.

Katikati ya neno akanyamaza. Akainua kidole.

Uani kote tukanyamaza. Mchi ukasimama. Tulisahau kwamba hasikii kitu. Mwili ulikumbuka desturi. Kisha nikaona kwamba hakuinamisha kichwa. Alikuwa anatazama. Nikafuata macho yake mpaka kwa Zuhura, aliyekaa karibu yangu anachezea kifuniko, mkono wake mtupu umelala gotini. Juu yake ametua mbu. Mkia juu. Tumbo limeanza kuwa jekundu, na hakuna sauti yoyote, hata sisi wenye masikio hatukusikia.

Watu wa mafuta walikuwa wameacha kupita mtaani kwetu tangu masika iliyopita. Walisema upande huu ni salama.

"Mchukue," akasema Bi Mkubwa. Nilidhani anasema nami, lakini alikuwa anamtazama Bwana Mbu, na amejaribu kusimama. "Mchukue, baba. Mpeleke ofisini kwao. Nimesema mpeleke!" Alikuwa anapiga kelele sasa, machozi yanamtoka, yule mama ambaye hakumlilia Sudi kwa sauti. Bwana Mbu aliona midomo yake tu. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayeamkiwa, akasema, "Salama, Bi Mkubwa, salama."

Nikamwaga kahawa chini. Nikafunika kikombe juu ya mkono wa mwanangu, taratibu, nikakiburuta mpaka nikamtenga mbu na ngozi, nikaziba kwa kiganja. Nikaenda na kikombe mpaka chumbani, nikatafuta kwa mkono mmoja ile chachi ya kuchujia tui, iliyobaki kwenye mfuko wa taa. Nikaifunga mdomoni mwa kikombe kwa uzi wa kofia. Ndani, mbu alikuwa anatambaa, mzito, na damu ya Zuhura tumboni.

Nilipotoka nimevaa baibui, Bwana Mbu alikitazama kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakugeuza uso.

"Ameshiba?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikatoka barabarani na kikombe mikononi, na vijana wa barazani wakatazama, na sikujali wataniita nani. Nilipogeuka, Zuhura alikuwa amesimama kizingitini ananitazama, anajikuna mkono.